Fahamu: OBV, kipimo kinachosoma bei ya hisa kupitia wingi wa mauzo

OBV ni hesabu inayolinganisha mwendo wa bei na idadi ya hisa zilizouzwa. Mmarekani Joseph Granville aliieneza kupitia kitabu chake cha mwaka 1963.

Inavyohesabiwa

Bei ya kufunga ikipanda, hisa zote zilizouzwa siku hiyo hujumlishwa, ikishuka, hutolewa, isipobadilika, jumla hubaki ilivyo. Tuseme tunaanzia sifuri. Hisa inapanda kutoka shilingi 400 hadi 410, zikiuzwa hisa 50,000. Kesho yake inashuka hadi 405, zikiuzwa 12,000 tu. OBV inabaki 38,000. Nusu ya ongezeko la bei imepotea, lakini hisa zilizouzwa bei iliposhuka ni chache. Hapo ndipo kipimo hiki kina faida: bei peke yake isingeonyesha hilo.

Ishara ya tahadhari

Bei ikizidi kupanda huku OBV ikishuka, huenda wanunuzi wanapungua.

Dar es Salaam na Nairobi

Katika masoko ya hisa ya miji hii, kwa hisa zisizouzwa sana, muamala mmoja wa taasisi kubwa unaweza kuipotosha OBV kabisa. Kabla ya kununua, angalia mauzo yametokana na miamala mingapi.