Makala Yamepanda Tena: Tuwaandikie Tuliowachagua

Wamama wenzangu, si zamani niliwauliza watoto wa darasa langu la tano: makala yanatoka wapi? Mikono ikainuka haraka. "Ku soko, Mwalimu." "Kwa ule mama wa kwenye kona." Mmoja akasema yanatoka ku kinga, na darasa zima likacheka. Lakini huyo ndiye aliyekaribia ukweli, maana kila asubuhi anawaona wale wanaume wanaosukuma baiskeli zenye mifuko mitatu, minne, wakitoka barabara ya Kasenga wamelowa jasho.

Hakuna hata mmoja aliyesema: ku muti.

Siwalaumu. Nilipokuwa na umri wao, pori lilianza nyuma ya mashamba ya mtaa wetu. Wakati wa mvua tulikuwa tunakwenda kuokota uyoga na kurudi kabla ya bukari ya mchana. Leo mtoto wa Lubumbashi anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuuona muputu au mutondo umesimama. Anaijua miti hiyo ikiwa nyeusi, ndani ya mbabula.

Tuhesabu kidogo, mimi ni mwalimu, mtanisamehe. Mchomaji anapanga magogo, anayafunika na majani na udongo, anawasha moto, anasubiri siku nyingi. Kwa tanuru la namna hiyo, kilo moja ya makala inakula kilo saba, hata kumi, za miti. Sehemu kubwa inapotea kwa moshi. Sasa angalia kifuko unachonunua kwa siku, zidisha kwa nyumba zote za Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Annexe. Ndiyo sababu anayesukuma baiskeli anatoka mbali zaidi kila mwaka, na ule mbali tunaulipa sisi. Mimi mwenyewe pesa iliyokuwa inanunua kifuko kizima sasa inanipa nusu.

Miti ya pori letu, lile ambalo wenye elimu wanaliita miombo, ina neema moja: ukikata, shina linachipua tena. Likiachwa kwa miaka mingi bila kuchomwa na bila kulimwa, pori linarudi. Lakini hatuliachi. Moto wa kiangazi unapita kila mwaka, na kisiki kinang'olewa ili shamba liingie.

Nilipoeleza haya katika mkutano wetu, mama mmoja akasimama. "Banasema tusikate miti. Basi, tupike na nini, Mwalimu?" Nilikaa kimya. Kwake umeme unakuja usiku wa manane watu wamelala, na siku nyingine haukuji kabisa. Gazi ni ya wenye pesa. Tena jirani yake, mjane, analisha watoto wake kwa kuuza makala kwa ndoo. Nani atamwambia aache, halafu wale nini?

Tangu siku ile nimefikiri sana, na nimeona kwamba swali lile si la kujibiwa na mama peke yake jikoni. Ni swali la sheria na la bajeti, na kuna watu tuliowachagua kwa kazi hiyo. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipanga mstari. Tulichagua Raisi, wabunge wa taifa, wabunge wa jimbo, na siku hiyohiyo washauri wa komini. Wengi wetu tunakumbuka tisheti na pagne tulizopewa. Je, tunakumbuka jina la yule tuliyempa kura?

Mtaniambia sheria zipo tayari. Ni kweli, zipo nyingi. Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi na ana wajibu wa kuyatetea. Kuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, sheria ya mazingira ya 2011 iliyoongezewa mambo ya tabianchi mwaka 2023, na sheria ya kulinda viumbe vya asili ya 2014. Kwenye karatasi tumeshiba. Na tukisikia habari za pesa, kama zile dola milioni 500 zilizoahidiwa Kongo kule Glasgow mwaka 2021, tunaonyeshwa picha za msitu mkubwa wa Équateur. Pori letu la Katanga, ambalo ndilo linapika chakula cha mji huu, linasahaulika kwa urahisi.

Tena sheria ikichelewa, hasara haisubiri. Mnakumbuka mukula? Miaka ya 2016 na 2017 malori yalipakia miti ile myekundu ikapelekwa China kutengenezea viti na vitanda vya fahari. Mwaka 2019 ulimwengu ukauingiza mti huo katika orodha ya miti isiyouzwa nje bila kibali. Malori yalikuwa yamekwisha kupita.

Lakini pia sheria ya kukataza tu haitatusaidia. Kenya, mwezi wa Februari 2018, serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, na katazo likakaa mpaka 2023. Bei ya makaa ikapanda, na aliyeumia kwanza ni mama wa mtaani anayenunua kwa mkebe. Tanzania wao mwaka 2024 walitoa mpango wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha: ifikapo 2034, watu 80 kwa mia wapike kwa njia safi. Sijui kama watafika, lakini serikali imekubali kwamba moto wa jikoni ni kazi yake, na imetaja mwaka ambao watu watairudia kuiuliza. 

Kwa hiyo napendekeza tuandike. Si maandamano, si kelele. Barua. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinasema hakuna mtu atakayeshitakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Ninalirudia hili kwa wale walioniuliza kwa sauti ya chini kama hatutapata matatizo.

Kwa wabunge wa jimbo, ambao wanapitisha edi na kuichunguza serikali ya liwali, mimi ningeanza na pesa. Makala yanalipa kodi njiani, kwenye bariere, na kodi hiyo iko ndani ya bei yetu. Kwa mwaka imekusanywa kiasi gani, na kwa pesa hiyo imepandwa miti mingapi, wapi? Mbunge ana haki ya kumuuliza waziri wa jimbo swali hilo kwa maandishi au kwa mdomo. Tumwombe aliulize. Halafu kuna amri ya tarehe 2 Agosti 2014, inayoruhusu wanakijiji kupewa msitu wao kisheria, hata hekta 50,000, na anayetia sahihi ni liwali. Kijiji chenye karatasi kinaweza kupanga: mwaka huu tunakata huku, kule tunaacha kuchipue. Kijiji kisicho na karatasi kinamwona mwenye lori akija, na kinakata haraka kabla ya jirani. Tuulize ni vijiji vingapi vinavyouzunguka mji huu vimepata.

Kwa mbunge wa taifa: kila mbunge anaweza kuleta pendekezo la sheria, hahitaji kusubiri serikali. Tumwombe sheria ya nishati ya kupikia, yenye tarehe kama ya wenzetu, inayosaidia umeme ufike saa za kupika na mbabula zinazokula makala kidogo zipatikane kwa bei ya mama wa soko. Na tumwambie wazi: msituandikie sheria inayomkamata mjane mwenye ndoo na kumwacha mwenye lori.

Wangari Maathai wa Kenya alianza mwaka 1977 na wanawake na miche. Watu wanapenda kukumbuka miche. Wanasahau kwamba aliandika barua nyingi kwa wakubwa, na mwaka 2002 akaingia Bungeni mwenyewe.

Sasa mambo ya kazi. Barua itakuwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kifaransa nitakiandika mimi. Tutapeleka nakala mbili kila ofisi, moja ibaki kule, nyingine irudi kwetu na muhuri na tarehe, maana bila muhuri watasema hawakuiona, na miezi mitatu hatutajua tuihesabu kutoka wapi. Wajumbe watatu wanatosha kuipeleka. Asiyejua kuandika ataweka kidole gumba, nacho ni sahihi.

Karatasi itakuwa mezani mkutano wa Siku ya Posho, saa nane. Kila mmoja alete kalamu yake. Za kwangu watoto wa darasa la tano wamekwisha kuzimaliza.