Chemirocha: Sauti bila sura iliyowateka wasichana wa Kipsigis

WENGI wa rika langu tulioujua muziki wa roki tungali watoto tunaikumbuka runinga kwanza, nyimbo baadaye. Ilikuwa runinga ya picha nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Tulijazana sebuleni kwa jirani kutazama tamasha la Wazungu waliorukaruka jukwaani, nywele zikiwafika mabegani na gitaa zikining'inia viunoni.

Maneno hatukuyaelewa, lakini waimbaji tuliwaona. Tulijua kwamba wana miguu miwili kama sisi.

Kizazi kilichotutangulia katika nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, hakikupata fursa hiyo. Kiliupokea muziki wa kigeni kwa sikio peke yake, na kutokana na hali hiyo ukazaliwa wimbo unaosikilizwa ng'ambo hadi leo: Chemirocha.

Mnamo 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi. Wakati huo Kapkatet na Bomet zote zilikuwa katika Wilaya ya Kericho. Wilaya ya Bomet ilikuja kuundwa 1992.

Miongoni mwa nyimbo alizozinasa ni matoleo matatu ya Chemirocha. La tatu, ambalo ndilo mashuhuri zaidi, liliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, wakisindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo.

Chemirocha ni nani hasa? Ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyezaliwa 1897, akafanya kazi katika reli kabla ya kuanza kurekodi nyimbo za kantri mwaka 1927. Alipiga gitaa, na alisifika kwa kuipandisha na kuishusha sauti yake kwa ghafla.

Santuri zake ziliwafikia Wakipsigis kupitia gramafoni, mashine iliyozungushwa kwa mkono na isiyohitaji umeme. Jina lake likageuzwa kulingana na matamshi ya wenyeji, likapata mwanzo unaofanana na wa Chebet au Chepkoech.

Hapo ndipo gramafoni inapotofautiana na runinga. Runinga humletea mtoto sauti pamoja na mwenye sauti. Gramafoni huleta sauti pekee, na yaliyosalia humwachia msikilizaji ayajaze mwenyewe.

Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimchora mwimbaji huyo asiyeonekana kama kiumbe nusu mtu, nusu swara, wakamwalika aje kucheza nao. Mgeni huyo aliyealikwa ngomani alikuwa amefariki miaka 17 awali, 1933, kutokana na kifua kikuu.

Ni rahisi kukicheka kisa hiki na kuwaona wasichana hao kama watu waliohadaiwa na mashine. Dhana hiyo ina kasoro. Kiumbe nusu mtu, nusu mnyama si mgeni katika ngano zetu. Isitoshe, katika wimbo wao hakuna gitaa wala kuigwa kwa sauti ya Rodgers. Walichukua jina lake tu, wakalitia katika muziki wao wenyewe.

Sisi wa runinga tulifanya nini? Tuliiga. Tuliunda gitaa kwa madebe ya mafuta, tukasimama mbele ya kioo na kutikisa vichwa kama tulivyowaona wale wa jukwaani. Picha ilitupa jibu kabla hatujauliza swali.

Ajabu ni kwamba muziki wetu na wao una babu mmoja. Mnamo 1986, Rodgers aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame huko Marekani, akiwa miongoni mwa waliotambuliwa kama watangulizi wa roki.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, aliyoiasisi 1954 na ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwa miongo mingi, wimbo wa Wakipsigis ukawa rahisi kupatikana ughaibuni kuliko nyumbani ulikozaliwa.

Hatimaye, mwaka 2014, ILAM ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na wakfu wa Abubilla kuzirejesha nakala kwa wenyewe. Baadhi ya wazee waliorekodiwa wakiwa vijana walizisikia tena sauti zao.

Leo mtoto wa Bomet hubeba simu yenye roki, kantri na Chemirocha yenyewe. Walimu wanaotayarisha nyimbo za kiasili kwa mashindano ya muziki ya shule wangefanya vyema kumsikilizisha wimbo huo. Kuupenda muziki wa kigeni si kosa, maana hata wasichana wa Kapkatet waliupenda. Ila baada ya kuupenda, waliimba wimbo wao.