Injini Nyuma, Injini Mbele

Udongo mweusi wa mbuga unaostawisha pamba ya Kishapu, mkoani Shinyanga, hauna huruma na gari dogo. Kiangazi hupasuka nyufa. Mvua ikishika, huvimba, hunata na kupanda na tairi hadi kujaa ndani ya madigadi. Kwenye barabara za vumbi za upande wa Mhunze ndipo Volkswagen Beetle ya mwaka 1954 na Toyota Starlet ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 huonyesha jinsi zinavyotofautiana, ingawa injini zake zinakaribiana ukubwa: cc 1,192 kwa cc 1,331.

Beetle hubeba injini nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya magurudumu yanayoisukuma. Uzito huo huyagandamiza ardhini, tairi zikapata mshiko hata penye utelezi. Tumbo lake ni bapa, halikwami ovyo kwenye tuta la katikati ya njia. Magurudumu yake ya inchi 15 ni membamba. Hukata tope kutafuta ardhi ngumu. Tena haina rejeta. Feni inayozungushwa na mkanda hupuliza hewa kwenye silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Katika nchi ambako kiangazi ng'ombe huswagwa mbali kufuata maji, gari lisilodai maji lilikuwa neema kubwa. Ila mkanda ukikatika, dereva asimame papo hapo, la sivyo injini itaungua.

Nguvu zake zilikuwa za farasi 30 tu. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda mbio za magari za Coronation Safari za Afrika Mashariki kwa Beetle, na mwaka 1962 Tommy Fjastad akaipa ushindi mwingine.

Kasoro yake imo ndani ya sifa yake: kwenye kona ya kokoto, uzito wa nyuma hutaka kutangulia.

Starlet ilikusudiwa mitaa ya mijini. Injini imelazwa kwa upana mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, kwa hiyo nyuma panabaki kwa abiria na magunia. Kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama Watanzania, Starlet zilizotumika kwao ziliingia nchini bila kuhamishwa usukani. Udhaifu wake ni kimo: sampu iko chini, jiwe moja linatosha kuitoboa. Kwenye mwinuko wenye utelezi, mzigo wa nyuma hupunguza uzito mbele, tairi zikazunguka bure.

Kwa masika ya Kishapu, basi, Beetle ndiyo bora. Ndiyo iliyoishi zaidi pia: Starlet ilikoma mwaka 1999, Beetle ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 30, 2003. Lakini fundi wa Shinyanga atapata vipuri vya Starlet kwa urahisi zaidi, maana injini yake ya 4E ilifungwa pia kwenye Corolla.