Baba Naye Aulizwe: Jinsi Watafiti Wanavyochunguza Malezi ya Baba

Nchini Uingereza, mhudumu wa afya hutembelea kila nyumba iliyopata mtoto mchanga. Mara nyingi baba humkaribisha, kisha huondoka na kumwachia mama sebule, kwa heshima au kwa kudhani kwamba mazungumzo hayo hayamhusu. Kwa miaka mingi watafiti nao walifuata mkondo huo huo: walimwuliza mama, na habari za baba wakaziandika kwa kinywa cha mama. Kijarida hiki kinaeleza jinsi hali hiyo ilivyobadilika, yaliyogunduliwa baba alipoulizwa mwenyewe, na faida ya hayo kwa familia.

Ni nini kinachopimwa?

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Michael Lamb aliandika makala akiwaita akina baba wachangiaji waliosahauliwa katika makuzi ya mtoto. Miaka ya 1980, yeye na wenzake waligawa malezi ya baba katika mambo matatu. La kwanza ni kushughulika na mtoto moja kwa moja: kumlisha, kumwogesha, kucheza naye. La pili ni kupatikana mtoto anapomhitaji. La tatu ni kubeba dhamana: kujua siku ya chanjo, kupanga nani atabaki na mtoto akiugua, kufuatilia masomo yake.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa familia za wahamiaji. Baba anayerejea alfajiri kutoka kazi ya usiku huenda ana saa chache za kucheza na mwanawe, lakini dhamana anaibeba. Kadhalika baba ambaye watoto wake wamebaki Mombasa au Bujumbura, naye huzungumza nao kwa simu kila jioni. Swali moja tu, kwamba baba yupo nyumbani au hayupo, haliwezi kuyaonyesha yote hayo.

Habari hukusanywaje?

Njia ya kwanza ni mahojiano na hojaji. Utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza umefuatilia watoto wapatao 19,000 waliozaliwa kati ya mwaka 2000 na 2002. Wahojaji walifika nyumbani mtoto alipokuwa na umri wa miezi tisa hivi, na baba aliyeishi humo alihojiwa pia. Baba aliyeishi kwingine hakuhojiwa. Habari zake zilitolewa na mama. Hilo ni pengo ambalo watafiti wenyewe wamelikiri.

Njia ya pili ni shajara ya muda, ambamo mzazi huandika alichofanya saa kwa saa. Ya tatu ni kutazama: baba na mtoto hurekodiwa wakicheza kwa dakika chache, na mtafiti huangalia jinsi kila mmoja anavyomjibu mwenzake.

Njia ya nne ni vipimo vya mwili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watafiti walipima mate ya wanaume wa jamii mbili za kaskazini mwa Tanzania ili kujua kiasi cha homoni ya kiume, testosteroni. Miongoni mwa Wahadzabe, ambao akina baba hushiriki sana kulea watoto wachanga, wenye watoto walikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kuliko wasio na watoto. Miongoni mwa Wadatoga, wafugaji ambao akina baba hushiriki kwa uchache malezi ya wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Yaelekea mwili wa mwanamume nao huitikia kazi ya kulea. Si jambo la kuupunguza uanaume wake.

Utafiti ulifichua nini kuhusu huzuni ya baba?

Katika eneo la Bristol, utafiti ulioanza na wajawazito wa mwaka 1991 na 1992 uliwapelekea hojaji akina baba pia. Wiki nane baada ya mtoto kuzaliwa, walijibu maswali kumi ya kipimo cha Edinburgh, kinachotambua dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Mmoja wa waliokitunga kipimo hicho mwaka 1987, Dkt. John Cox, alikuwa amewahi kuchunguza afya ya akili ya wajawazito nchini Uganda.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, yakihusu zaidi ya akina baba 8,000, yalionyesha kwamba watoto wa baba waliokuwa na sonona walielekea zaidi kuwa na matatizo ya hisia na tabia walipofikia umri wa miaka mitatu na nusu. Uhusiano huo ulibaki hata baada ya kuzingatia sonona ya mama. Haina maana kwamba kila mtoto wa baba kama huyo hudhurika, wala si lawama kwa baba. Maana yake ni kwamba afya ya baba ni sehemu ya afya ya mtoto, na sonona hutibika.

Baba akialikwa kushiriki utafiti

Kushiriki ni kwa hiari. Baba ana haki ya kuelezwa lengo la utafiti, na nani ataona majibu yake, kabla ya kutia saini. Anaweza kukataa au kujitoa baadaye bila kutoa sababu, na matibabu ya familia yake hayataathirika.

Baba akihisi kulemewa

Wanaume wengi hawalii. Sonona yao huonekana katika hasira za haraka, kukosa usingizi, kujitenga, ulevi, au kukimbilia kazini kila saa. Dalili zikidumu zaidi ya wiki mbili, baba amwone daktari wa familia au amweleze mhudumu wa afya. Mkalimani hutolewa bila malipo, na mtoto asitumiwe kutafsiri. Shirika la Samaritans hupokea simu bila malipo usiku na mchana kwa namba 116 123. Maisha yakiwa hatarini, ipigwe 999.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mhudumu wa afya atakapobisha hodi tena, baba naye aketi sebuleni, na akiulizwa hali yake, ajibu mwenyewe.