Ngitili ina thamani gani? Jibu lipo, mwenye ngitili hana

MNUNUZI wa mkaa anapofika kijijini Kahama au Kishapu, au mfanyabiashara wa matimba ya migodi anapopita Bukombe, huja na kitu kimoja kinachomaliza ubishi haraka: fedha taslimu. Anataja bei ya miti iliyo kwenye ngitili, na mwenye ngitili anatakiwa kujibu ndiyo au hapana.

Katika biashara hiyo mnunuzi anajua hesabu yake. Mwenye ngitili mara nyingi hana hesabu ya kulinganisha. Hata hivyo, hesabu hiyo ilishafanywa na wataalamu, tena kwa majibu waliyotoa wakulima wa ukanda huo huo.

Ngitili ni utaratibu wa asili wa Wasukuma wa kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, ili majani na miti ipumzike, kisha mifugo iingizwe wakati wa kiangazi kikali. Utaratibu huo ulidhoofika baada ya miaka mingi ya kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), na wataalamu wa misitu wakaurejesha kwa kushirikiana na wazee na dagashida, yaani mabaraza ya jadi.

Hadi mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerejeshwa au kuanzishwa katika vijiji 833, na eneo lake lilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Shinyanga ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Bukombe ilihamia Geita mwaka 2012, na Maswa, Meatu na Bariadi zikaingia mkoa mpya wa Simiyu.

Hesabu yenyewe

Mwaka 2005 Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN walichapisha utafiti wa Monela, Chamshama, Mwaipopo na Gamassa, ambao miongoni mwao walikuwamo wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliorodhesha kila kinachotoka ndani ya ngitili: kuni, nguzo, malisho, nyasi za kuezekea, asali, dawa, matunda na uyoga.

Waligundua kuwa faida ya ngitili ilifikia wastani wa Dola za Marekani 168 kwa mtu kwa mwaka, sawa na dola 14 kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Kwa kaya ya watu saba, ngitili ilikuwa na thamani ya karibu dola 1,200 kwa mwaka.

Watafiti hawakuficha hasara. Miti iliporudi, wanyama waharibifu nao walirudi, na kaya ilipoteza wastani wa takriban dola 65 kwa mwaka. Pia ilionekana kuwa wenye uwezo hunufaika zaidi kuliko wasio na ardhi wala mifugo.

Hapa ndipo penye somo. Mtaalamu wa misitu peke yake angehesabu miti. Mchumi angehesabu fedha. Ilihitajika pia elimu ya jamii ili kujua nani katika kijiji anapata na nani anakosa. Mkulima hakati maisha yake vipande kwa idara za chuo kikuu, hivyo anahitaji majibu yaliyokaa pamoja.

Zebaki Rwamagasa

Geita ina mfano unaofanana na huo. Kuanzia mwaka 2002, mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na shirika la UNIDO ulijumuisha Tanzania. Huko Rwamagasa, wanajiolojia wa Uingereza walipima udongo, maji, samaki na mazao. Madaktari kutoka Munich, Ujerumani, walipima afya za watu, na matokeo yao yalichapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 2010. Takriban robo ya wachomaji wa dhahabu iliyokamatishwa kwa zebaki walikutwa na dalili za kudhurika.

Habari hizo zinamgusa mchomaji, mama lishe aliye jirani na karasha, na mkulima wa mpunga anayepokea maji yanayopita kwenye marudio. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, kila fani mahali pake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hautekelezeki mwaloni ikiwa anayechoma hajui kilichopimwa.

Mlango uko wazi, njia ndefu

Si kweli kwamba vyuo vimefungia kila kitu kabatini. SUA, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili vina hazina za kidijitali ambamo tasnifu na makala nyingi husomwa bila malipo kupitia intaneti. Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la sayansi huria, kwamba matunda ya utafiti yawafikie watu wote.

Bado makala nyingine zimo katika majarida yanayouzwa kwa dola. Na ile ya bure yenye kurasa 200 za Kiingereza haimsaidii mwenye ngitili siku mnunuzi wa mkaa anapobisha hodi.

Yapo mambo ambayo kijiji kinaweza kufanya bila kusubiri. Mtafiti anapofika na barua ya utambulisho, serikali ya kijiji imwombe aahidi kwa maandishi kurudisha muhtasari wa Kiswahili, hata kurasa mbili, usomwe kwenye mkutano mkuu. Chama cha ushirika kinaweza kumtuma kijana aliyesoma aingie kwenye hazina za vyuo, atafute jina la wilaya yake na kuleta alichokipata. Afisa ugani naye aulizwe kwa jina la utafiti, siyo kwa jumla.

Wakulima wa pamba wanajua faida ya utafiti unaofika shambani. Herufi UK katika mbegu ya UK91 zinatokana na Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichopo Misungwi. Mbegu ilifika kwa sababu ilifungwa kwenye mfuko na kupelekwa kwa mkulima.

Hesabu ya ngitili nayo inahitaji mfuko wake. Bei ya mwaka 2005 imepitwa na wakati na inastahili kupimwa upya, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile. Mwenye ngitili aliye nayo mkononi anaweza kumwambia mnunuzi asubiri, akakaa na familia yake, wakapiga hesabu ya kiangazi kinachokuja kabla ya shoka la kwanza.