Deki, Waya na Kumbukumbu Zetu

Visiwa vyetu vina haki ya kujivunia jambo moja katika historia ya utangazaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa hazina televisheni, au zikiiona kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, Zanzibar ilikwisha kuanza kutangaza kwa televisheni ya rangi. Wenzetu wa Tanzania Bara walisubiri hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo kutazama picha nzuri si jambo geni kwetu, na hatuna sababu ya kuridhika na picha mbovu.

Baada ya kanda za video zilikuja diski za DVD, ambazo zilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1996. Siku hizi vijana wengi hutazama picha katika simu, na deki zinapungua madukani. Hata hivyo, makabati ya nyumba zetu na ya ofisi za umma bado yamejaa diski: harusi, maulidi, taarabu, mikutano ya hadhara, semina na mafunzo ya afya. Diski hizo hazina faida yoyote pasipo chombo cha kuzisoma. Na chombo chenyewe kikiunganishwa ovyo, picha huwa na ukungu na sauti hutoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Wengi hapo huilaumu diski, au hukimbilia kununua televisheni kubwa zaidi, ilhali aghalabu kasoro imo katika waya.

Tuanze na uchaguzi. Jambo la kwanza la kutazama ni namba ya eneo. Watengenezaji wa diski waliigawa dunia katika maeneo, ili diski ya eneo moja isisomwe na deki ya eneo jingine. Tanzania imo katika eneo namba 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na India. Oman na nchi nyingine za Ghuba, Ulaya Magharibi na Japani zimo katika namba 2. Marekani na Kanada ni namba 1. Ndiyo maana filamu iliyonunuliwa Muscat na kuletwa na jamaa kama zawadi huweza kukataliwa na deki iliyonunuliwa Darajani. Mnunuzi na aulize deki isomayo maeneo yote.

La pili ni mfumo wa picha. Sisi tulifuata mfumo wa PAL, wenye mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. Marekani hufuata NTSC, wenye mistari 480 na picha karibu 30 kwa sekunde. Deki nzuri husoma yote miwili. La tatu ni umeme: chombo kilichotengenezwa kwa volti 100 za Japani au 120 za Marekani pekee kitaungua mara kikichomekwa katika volti 230 za kwetu. Maandishi ya nyuma ya chombo yasomwe kabla ya fedha kutolewa.

Sasa tuje kwenye waya, ambao ndio kiini cha maneno yetu. Waya wa manjano, uliozoeleka kuliko wote, huchanganya mwangaza na rangi zote za picha katika njia moja. Televisheni hulazimika kuvitenganisha tena, na katika kazi hiyo rangi huvuja na kingo za herufi hutetemeka. Waya tatu za kijani, buluu na nyekundu hupitisha vitu hivyo mbalimbali, na picha hutulia. Hapa tunatoa tahadhari: waya mwekundu wa picha si waya mwekundu wa sauti, na ukichomekwa katika tundu la mwenzake mambo yote huharibika. Bora kuliko zote ni waya wa HDMI, ambao hubeba picha na sauti pamoja kwa tarakimu. Kwa masafa ya mita moja au mbili, waya wa bei ya kawaida ulio mzima hufanya kazi sawasawa na ule wa bei ya kutisha.

Baada ya kuunganisha, ifunguliwe orodha ya marekebisho ya deki. Ikiwa televisheni ni pana, pachaguliwe umbo la 16:9. Ikiwa ni ya zamani, 4:3. Pasipofanywa hivyo, watu huonekana wanene au wembamba kuliko walivyo. Katika televisheni yenyewe, kiwango cha ukali wa picha kipunguzwe, kwani kikizidi huongeza chengachenga wala hakiongezi uwazi. Na mtu asidanganywe kwamba deki inaweza kuigeuza DVD kuwa picha ya kisasa kabisa. Mistari iliyomo katika diski ndiyo hiyo hiyo; chombo hukadiria tu iliyobaki.

Sauti nayo inataka uangalifu. Televisheni nyembamba za leo zina spika ndogo, mara nyingi zinazotazama chini au nyuma. Mwenye redio kubwa ya muziki nyumbani achukue waya mwekundu na mweupe kutoka katika deki na kuzichomeka katika redio hiyo, nyekundu kulia na nyeupe kushoto. Udi na fidla vitasikika kila kimoja mahali pake. Ikiwa picha inatoka kwa HDMI lakini sauti haitoki, katika orodha ya sauti ya deki pachaguliwe PCM, kwani si kila televisheni iwezayo kufasiri sauti ya Dolby iliyomo katika diski za filamu.

Yote hayo yamo katika uwezo wa mwananchi mwenyewe. Lakini yapo yaliyo juu ya viongozi na maofisa wetu. Kisiwa cha Unguja kilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na kisha kwa miezi kama mitatu tangu Desemba 2009. Umeme ukirudi kwa kishindo huunguza vyombo, na hewa yetu ya chumvi hula matundu ya waya. Zaidi ya hayo, diski zilizorekodiwa ofisini au na wapiga picha wa harusi hutegemea rangi maalumu ndani yake, ambayo hufifia kwa joto na mwanga wa jua. Diski iliyoachwa dirishani haina maisha marefu.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, skuli na ofisi za umma zinaponunua deki zieleze kwa maandishi namba ya eneo, mfumo wa picha, volti na aina ya waya, pamoja na kifaa cha kudhibiti umeme, badala ya kutazama bei peke yake. Pili, kila ofisi iorodheshe diski zake, kwa tarehe, mahali na waliomo. Tatu, yaliyomo yanakiliwe katika hifadhi za kompyuta wakati deki bado zinapatikana, nakala moja ikae Unguja na nyingine Pemba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti za wazee wetu na nyuso za waliotangulia mbele ya haki zimo katika sahani hizo za sentimita 12. Siku deki ya mwisho itakapokufa, hakuna duka la Dubai litakalotuuzia tena kumbukumbu hizo. Kazi hiyo ianze sasa.