Masasi na ukuta wa mbao: hesabu ndogo ya kufahamu hatari

Katika muji wa Bukavu, masasi yakianza kulia inje, watu wengi wanakimbilia ndani na kufunga mulango. Ilikuwa hivyo Juni 2004, na tena Februari 2025. Lakini Kadutu na kwingineko, nyumba nyingi ni za mbao. Je, mbao inazuia risasi? Hapana, na kuna hesabu inayosaidia kuelewa juu ya nini.

Wataalamu wanaiita densite seksionali. Inalinganisha uzito wa risasi na unene wake. Chukua musumari: ukiugonga ncha ikiwa mbele, unaingia ndani ya mbao. Ukiulaza ubavu, hauingii, hata kama uzito ni ule ule.

Namna ya kuhesabu ni hii: uzito wa risasi kwa gramu, ugawanye kwa unene wake kwa milimita, unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe.

Mufano, risasi ya bastola ya milimita 9 mara nyingi ina gramu 8. 9 mara 9 ni 81. 8 ukigawanya kwa 81, ni karibu 0,10. Ile ya kalashnikov, inayoitwa 7,62, nayo ina karibu gramu 8, lakini unene wake wa kweli ni karibu milimita 7,9. 7,9 mara 7,9 ni karibu 62. 8 kwa 62 ni karibu 0,13. Uzito ni mumoja, lakini hii ya pili ni nyembamba na ndefu, nguvu yake inakusanyika pahali padogo.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi. Mwendo pia ni muhimu: risasi ya bastola inatoka na karibu mita 350 kwa sekunde, ya kalashnikov na karibu 700. Zote mbili zinapita ukuta wa mbao. Ya kalashnikov inaweza kutoboa chumba cha kwanza na kuua mutu katika cha pili.

Kwa hiyo, milio ikisikika, baba na mama, musisimame nyuma ya mulango wala dirisha. Godoro na mabati havikingi. Mulaze watoto chini kabisa, mbali na upande wa barabara, nyuma ya fondasio ya mawe kama iko. Na musiinuke kuchungulia mbele milio haijanyamaza.